Robo Kilo

Deni la Asava lilikuwa la matumbo na vichwa vya mbuzi,
miezi mitatu. Akalilipa kwa boksi la sabuni
lenye matundu ya msumari, likinong'ona.
Ndani, simbilisi wawili wa wiki nne:
mmoja rangi ya majani ya chai yaliyochujwa,
mwingine mweusi, mwenye kipaji cheupe.
"Watazaa," aliniambia. "Utaona hasara ni yangu."

Mimi ni mchinjaji, Chavakali, nyuma ya stendi.
Mikono yangu humjua mnyama kwa mahali pa kumkamatia:
kuku mbawa, mbuzi pembe, ng'ombe kamba.
Nikaushusha mkono kutoka juu
na boksi zima likaganda.
Hawakukimbia. Macho manne kama mbegu za papai,
ubavu tu ukitikisika.
Nikadhani wamekubali.

"Mjomba, hao wanakufa kwa hofu."
Ni Mmbone, mpwa wangu, miaka tisa,
na hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza nzima
tangu basi la Eldoret lilipomteremsha na begi moja.
"Mkono unaotoka juu ni mwewe.
Kaa chini. Hapana. Chini kabisa."

Nikaketi sakafuni na aproni yangu.
"Vua hiyo. Inanuka damu."
Nikavua.
Akanipa kijiti cha dania, nikishike, nisiseme.
Redio ya jirani ikamaliza habari zote,
bei ya sukari, mvua, vifo,
ndipo pua moja ikachungulia,
ikanyakua jani, ikarudi kinyumenyume
kama karani anayepokea kitu kidogo.

Siku ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu pia.
Ya nne nilikasirika, nikaenda kuuza nyama.

Ya tano akasema, "Sasa.
Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio.
Miguu isining'inie:
akining'inia anajiona ameshaanguka.
Mlaze kifuani pako. Usimkaze. Usimlegeze."
Sikujua kuna kipimo kati ya hayo mawili.
Moyo wake ukagonga kwenye gumba langu
kama mvua ya saa kumi juu ya mabati,
haihesabiki, inasikika tu.

Tangu hapo nimeokota maneno yao.
Nikikata sukuma wiki, wananipigia mbinja: wiii, wiii,
mlevi akipita nje anageuka.
Meno yakigongana, muache, ana kesi na mwenzake.
Akinguruma chini kwa chini
kama stovu ya mafuta ya taa iliyoshika moto vizuri,
endelea kumkuna nyuma ya sikio.
Na usiku ule waliporuka hewani ghafla,
kichwa huku, kiuno kule, kama bisi kwenye sufuria,
nilipiga kelele: kifafa!
Mmbone alicheka mpaka akakaa.
"Ni furaha, Mjomba. Wadogo hawana pa kuiweka."

Jioni moja niliosha mizani kwa maji moto, mara tatu,
nikampima mweusi.
Gramu mia mbili na thelathini. Robo kilo kasoro.
Kisia alikuwa mlangoni: "Hiyo unauzaje?"
Mmbone akamtazama tu,
akamtazama,
hadi akanunua maini ambayo hakuyataka.

Leo asubuhi mtoto yuko shule.
Mweusi amelala kiganjani mwangu, macho yamefumba,
yeye ambaye hulala akiwa macho.
Mguu mmoja wa nyuma ameunyoosha
kama mwenye nyumba.
Wateja wanagonga dirisha la butchari.
Kisu kiko mezani, kikavu.
Mkono wangu umekufa ganzi hadi kiwikoni.

"Ngojeni kidogo," nawaambia, kwa sauti
ambayo hakuna anayeisikia.
"Nimeshikwa."